Alama Iliyohama

Wanawake wa kwetu hatujui kukaa. Mama alikula chakula chake chote amesimama, kaegemea sinki, na dada yangu Geri nusura ajifungulie kwenye maegesho ya hospitali kwa sababu hakutaka kutoka nyumbani kabla keki haijaiva. Mimi ndiye niliyezidi wote. Nikiwekwa kitini goti linacheza, goti likitulia vidole vinapiga meza, na kanisani watu hukwepa benchi langu. Kwa hiyo aliyetaka kunikomoa angenitafutia ugonjwa wa kungoja, na ndio nilioupata. Watu wanadhani saratani ya titi ni ugonjwa wa maumivu. Maumivu yapo, sikatai, lakini kilichonimaliza mimi ni kungoja: kungoja picha, kungoja majibu ya picha, kungoja dawa inayoshuka tone moja moja kama bomba bovu, kungoja simu. Hasa simu.

Naitwa Marcy Budzik na kazi yangu ni kodiani. Mchana nafundisha watoto ambao mama zao wanataka wajue muziki wa polka na wao wenyewe hawataki. Ijumaa jioni napiga na bendi kwenye ukumbi wa kanisa letu, kusini mwa Milwaukee, watu wakila samaki wa kukaanga na chapati za viazi, wakigombea mapaja ya nguruwe kwenye bahati nasibu, kisha wakicheza mpaka magoti yawakumbushe umri wao. Kodiani haishikwi kama gitaa. Unaivaa kifuani, na mkono wa kushoto ndio unaovuta na kusukuma ule mfuko wa hewa jioni nzima. Mkono wa kulia unapata sifa, wa kushoto unafanya kazi. Na uvimbe wangu ulikuwa titi la kushoto, upande wa kwapani.

Kabla yangu mpigaji alikuwa Geri. Yeye alipougua mambo yalikuwa mengine. Walimtoa titi lote, wakamtoa na tezi zote za kwapani, na mkono wake wa kushoto ukavimba, ukabaki hivyo hivyo. Anauvalisha kitambaa cha kubana kutoka kiganjani mpaka juu. Siku moja alinijia na kodiani ndani ya sanduku lake, akaliweka sebuleni kwangu na kusema, "Haya, kiherehere, tulia nayo." Tangu hapo yeye yuko jikoni ukumbini, anakaanga samaki, na mimi niko jukwaani. Hatukuwahi kulizungumza. Nikiwa naye nilikuwa natazama uso wake, au samaki, au dirisha. Ule mkono sikuutazama.

Ndiyo maana Daktari Vang aliponieleza habari za utafiti wao nilitaka kutia sahihi kabla hajamaliza sentensi. Daktari Vang ndiye msomaji wa picha za matiti pale kliniki, Mhmong mfupi, wa ukoo wa Laos, mzaliwa wa Wausau, anayeongea polepole mpaka unatamani kumsukuma kwa nyuma.

"Sikiliza kwanza," alisema. "Tunaanza na dawa, sio kisu. Dawa zikikubali, uvimbe unayeyuka, na kuna wanawake unayeyuka wote. Mpaka leo hata hao tunawapasua, kwa sababu hatujui kama kweli hakuna kilichobaki mpaka tufungue. Sasa tunajiuliza: tukipiga picha, halafu tukachukua vinyama kwa sindano pale pale uvimbe ulipokuwa, tukakuta pasafi, je, tunaweza kumwacha mtu asipasuliwe? Apigwe mionzi, basi, tumfuatilie kwa picha miaka na miaka?"

"Jibu ni ndiyo."

"Jibu hatulijui, Marcy. Tungelijua tusingefanya utafiti."

"Na mkikuta chembe?"

"Hata ikiwa moja, unakwenda kwa mpasuaji kama wengine."

"Kalamu iko wapi?"

Alinirudisha nyumbani na makaratasi nikayasome. Aliniambia pia kwamba siku hizi wapasuaji wanatoa tezi mbili tatu tu, kwamba wengi mikono yao haivimbi, na kwamba nisimtazame dada yangu nikadhani najiona mimi. Nikaitikia kwa kichwa, moyoni nikasema ng'o. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nashtuka kwa nyoka aliyemuuma dada yangu.

Lazima nieleze habari ya alama. Siku walipochukua kinyama cha kwanza, kile kilichotupa jina la ugonjwa, walilibana titi kati ya mabamba mawili ya mashine, wakaingiza sindano, na kabla ya kuitoa wakaacha ndani kipande cha chuma kidogo kama punje ya ufuta. Uvimbe ukiyeyuka hauachi anwani. Ile punje ndiyo itakayowaambia baadaye kwamba hapa ndipo ulipokuwa. Nililipenda wazo hilo. Nilijiona kama mtu aliyefunga fundo kwenye leso asisahau.

Dawa zilichukua nywele, nyusi, na hamu ya kula. Ijumaa nilizoweza nilipiga, kofia ya pamba kichwani, na Ijumaa nilizoshindwa nililala nikitikisa mguu. Lakini uvimbe ulikuwa unapungua. Kila picha ulikuwa mdogo kuliko ya nyuma yake, na majira ya joto yalipokwisha mashine zote zilikubaliana kwamba hakuna kitu: ile inayobana, ile ya mawimbi ya sauti na mafuta baridi, na ile ya sumaku inayogonga kama karakana ya fundi bati. Siku ya dripu ya mwisho manesi wakaniongoza mpaka kwenye kengele ya ukutani, kama wanavyofanya kwa kila anayemaliza, nikaipiga mpaka mzee wa kiti cha jirani akasema mama, tumekusikia. Kisha wakachukua vinyama kuzunguka ile punje, nikangoja, na Ijumaa mchana simu ikaja. Vyote safi.

Sikumbuki niliendeshaje gari mpaka ukumbini. Nakumbuka nilisukuma mlango wa jikoni kwa mguu.

"Geri! Safi! Hawanikati!"

Geri akageuza kipande cha samaki. "Wamesema hivyo?"

"Vinyama vyote safi. Hakuna kisu. Mionzi, basi, nimemaliza."

"Vizuri."

"Vizuri tu? Ruka basi, mwanamke!"

"Niruke na mafuta haya? Tuungue wote wawili?" Akanipapasa shavu kwa mkono wa kulia wenye unga. "Nimefurahi, we mtoto. Kweli nimefurahi."

Nilikuwa na furaha ya kugawa, nikamgawia bila kuombwa. "Pole dada. Laiti wakati wako haya yangekuwepo."

"Laiti," akasema, akarudi kwa samaki wake.

Norb, mpiga ngoma wetu, ni mtu wa kumwaga mtama penye kuku wengi. Alitangaza kwenye kipaza sauti kati ya paja moja la nguruwe na jingine, na ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi. Watu wakaniletea brandi. Wanawake ambao hatujasalimiana tangu ugomvi wa kwaya wakanikumbatia. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto, lakini mimi jioni ile nilimtukana mamba na ukoo wake wote, na watu wakacheza.

Jumatano iliyofuata Rochelle akapiga. Rochelle ni muuguzi wa utafiti, sauti yake laini kama blanketi, na ukiisikia inakuwa laini zaidi ujue kuna jambo.

"Marcy, daktari angependa uje muongee. Kesho asubuhi inakufaa?"

"Kuhusu nini?"

"Ni vizuri akueleze mwenyewe."

"Kuhusu nini, Rochelle?"

"Kuhusu picha zako."

"Picha zangu zilikuwa safi."

Nikakata simu. Hiyo kesho sikuingoja. Nilimwacha mwanafunzi wangu na wimbo nusu, mama yake kaduwaa mlangoni, nikaenda kliniki vilevile nilivyokuwa, na ndara za nyumbani miguuni.

Daktari Vang hakushangaa kuniona. Alinipeleka kwenye chumba chao cha kusomea picha, chumba chenye giza mchana kutwa na skrini kubwa zinazong'aa.

"Kaa."

"Nitasimama."

"Najua. Basi simama hapa uone vizuri." Akafungua picha ya kwanza. "Hii ni kabla ya sindano ya kwanza kabisa. Uvimbe huu hapa. Hii nyingine ni baada ya sindano, tunakutazama kutoka juu. Punje iko ndani ya uvimbe. Unaona?"

"Naona."

"Na hii ni siku ile ile, kutoka ubavuni."

Nikatazama. Niliona weupe umetanda na ile punje inang'aa ndani yake. "Naona ukungu."

"Damu ilikuwa imevuja kidogo baada ya sindano, ni kawaida, ikafunika kila kitu. Tuliona kivuli, tukaona punje imo kivulini, tukasema viko pamoja. Haviko pamoja. Uvimbe uko hapa juu." Kidole chake kikashuka. "Punje iko huku. Tofauti ya vidole viwili hivi."

"Imefikaje huko? Ina miguu?"

Hapo akaona haya, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. "Titi tulikuwa tumelibana. Ukiliachia linafunguka, na alama inaweza kuteleza kwa kufuata njia ile ile ya kubanwa. Ukitazama kutoka juu huoni tofauti yoyote. Sisi wasoma picha tunasema..." akasita, "tunasema ni mambo ya kodiani. Samahani, sio mimi niliyelitunga hilo jina."

Ningependa kusema nilicheka. Sikucheka. Mikono yangu ilikuwa imeelewa kabla ya kichwa, kwa sababu miaka yote hii nimebana mikunjo ya ule mfuko wa hewa na kuiachia, na najua kwamba hakuna mkunjo unaobaki pale ulipokuwa. Nikashika kiti ambacho nilikuwa nimekikataa.

"Kwa hiyo vinyama vyangu," nikasema.

"Vilitoka sipo. Vilikuwa safi kwa sababu uvimbe haukuwahi kuwa pale."

"Nani ameligundua hili?"

"Ni sharti la utafiti. Picha za kila mwanamke zinapelekwa kwa wasomaji wawili wa mbali, kila mmoja anasoma peke yake. Hawajui jina lako, hawajui mimi nilisema nini, hawajui vinyama vilijibu nini. Wa kwanza hakuona tatizo. Wa pili akaandika kwamba alama haipo mahali pake. Akaitwa wa tatu kuamua, akakubaliana na wa pili."

"Huyo wa pili ni nani?"

"Sijui, Marcy. Hata mji sijui. Na yeye hajui kwamba wewe ni wewe."

"Basi mtumie salamu. Mwambie kuna namba fulani ya mgonjwa huku Milwaukee inataka kumnyonga."

Hakutabasamu. Alizima picha ya ubavuni, akaiwasha tena, kana kwamba safari hii ingesema kitu kingine. "Siku ya kwanza aliyeisoma hii ni mimi. Na uvimbe ulipoyeyuka sikurudi kwenye picha za mwanzo, kwa sababu alama ninayo. Ndiyo kosa letu sisi watu wa picha. Tukishaweka alama tunaiamini kuliko macho yetu. Nakuomba radhi."

Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi. Lakini mtu akikutazama machoni akasema ni mimi, unabaki na hasira isiyo na pa kukaa. Nikamuuliza sasa inakuwaje. Akasema tunaweza kuchukua vinyama upya, mahali penyewe, wakipima kutoka chuchuni na kufuata mshipa mmoja wa damu unaoonekana kwenye picha zote. Pakiwa pasafi, naendelea na utafiti bila kisu. Pakiwa na kitu, najua njia. Au nijitoe na kwenda kwa mpasuaji moja kwa moja.

"Au niende nyumbani na karatasi yangu inayosema safi," nikasema.

"Hakuna atakayekufunga kamba. Lakini ile karatasi sasa tunajua haisemi kitu."

Nikasema nitafikiri, nikaondoka.

Sikufikiri. Nilifua mapazia. Nilipangua kabati la jikoni na kulipanga upya, kisha nikalirudisha lilivyokuwa. Nilimpigia Rochelle kumwambia nakuja, nikampigia tena kumwambia siji. Usiku nililala upande wa kulia, na mkono umeshika titi la kushoto kama mtu anayezuia mlango. Humo ndani kulikuwa na mahali ambapo hakuna aliyepatazama, na mimi nilikuwa natembea napo sokoni, kanisani, kwa kinyozi wa mbwa. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje mtu? Ukumbi mzima ulishanipigia makofi.

Ijumaa nikapiga. Wimbo wa kwanza nikauharakisha, wa pili nikaukimbiza, na wa tatu wazee wawili wakaacha kucheza wakashika viti vyao.

"Bibie," Norb alinong'ona nyuma ya ngoma zake, "hawa wana nyonga za bandia. Utatuulia mtu."

"Wewe piga ngoma."

"Napiga. Naikimbilia kodiani yako, siikuti."

Mapumziko yalipofika nikaingia jikoni. Geri alikuwa anasugua sufuria. Nikaanza kupanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa, na huku nikimpa mgongo nikamweleza yote, punje, ukungu, vidole viwili, mtu wa mbali asiye na jina. Nikamaliza kwa kusema kwamba siendi.

"Huendi wapi?"

"Kwenye sindano ya pili. Daktari mwenyewe alisema kwenye picha hakuna kitu. Mashine tatu, Geri. Huenda kweli hakuna kitu. Kwa nini nikachokonoe?"

"Huenda."

"Nikienda wakakuta chembe, wananikata. Mkono wangu..."

"Mkono wako umefanyaje?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

Geri akafunga bomba. Nilisikia maji yakichuruzika, kisha nikasikia kitambaa cha kubana kikivuliwa, sauti ya ngozi na mpira.

"Geuka," akasema.

"Geri, watu wananingoja."

"Wangoje, sio wewe peke yako wa kungoja. Geuka. Huogopi sindano wewe. Wala hiyo saratani huiogopi hivyo. Unaogopa hiki. Miaka yote unanitazama usoni kama polisi wa barabarani, chini hushuki. Leo shuka."

Nikageuka, nikautazama. Ulikuwa mkono mnene, mweupe, umebonyea alama za mishono ya kitambaa, na kwenye kiwiko ngozi ilikuwa ngumu kidogo. Ulikuwa mkono tu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Unauma?"

"Siku za joto. Na siku watu wanaponipa pole." Akaanza kukivaa tena kitambaa, akikivuta kwa meno, nikasogea kumsaidia na hakunizuia. "Unadhani niliacha kodiani kwa sababu ya mkono? Ningeweza kupiga. Vibaya, lakini ningeweza, na wewe hukuwa mzuri sana ulipoanza. Niliacha kwa sababu kila nikipanda jukwaani naona sura za huruma mstari mzima. Nikachoka. Samaki hawanihurumii."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unatazama dirisha." Akakunja ngumi, akaikunjua, akaridhika na kitambaa. "Mimi nilikatwa miaka hiyo hawakuniuliza, wakachota kila kitu kama watu wanaohama nyumba. Wewe kuna watu wanakaa gizani wanabishana juu ya vidole viwili vya titi lako. Wewe unataka kuwakimbia na kikaratasi. Haya nenda kapige, Norb ameanza kuimba peke yake."

Kweli alikuwa anaimba, na vibaya.

Jumatatu nilikwenda. Hiyo sindano haikuniuma kama nilivyoumizwa na neno moja: usitikisike. Mashine ikabana, Daktari Vang akapiga picha, akapima, akapiga nyingine, akaita mwenzake aje atazame, wakapima tena wote wawili. Zamani ningewapigia kelele waharakishe. Nikawaacha. Goti langu likataka kucheza nikaliambia likome. Nilihesabu nyimbo kichwani, zile za polepole tu, zile ambazo bibi zetu walichezea harusi, na sindano ikaingia na kutoka na kuingia. Waliponiachia nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima.

"Safari hii alama nyingine tumeiweka," Daktari Vang alisema, "na nimeitazama kutoka pande zote. Mwenzangu pia. Nitakupigia mwenyewe."

Kungoja kule sitakuelezea, maana hata sasa nikikukumbuka natafuta kitu cha kufua.

Simu ilikuja Ijumaa, mimi na Geri tukimenya viazi jikoni ukumbini. Nikaipokea na kisu mkononi.

"Marcy, ni Vang. Umekaa?"

"Unanijua. Sema."

"Imo. Ni ndogo sana, dawa zimeiua karibu yote. Lakini imo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo, na hata hivyo liliingia kama maji ya barafu. Nilijisikia nikiuliza, kwa sauti ya mtu mwingine, ingekuwaje kama yule msomaji wa mbali asingeona.

"Ungekwenda nyumbani. Tungekuita kila mara kwa picha, tungetazama pale penye alama, tungekwambia pasafi." Akavuta pumzi. "Kisha siku moja ungerudi mwenyewe na uvimbe, na nisingependa kusema ungekuwa umefika wapi."

"Na wenzangu? Wale wengine wa utafiti?"

"Tumesimamisha. Tunarudia picha za mwanzo za kila mwanamke, za alama, moja moja, pande zote. Tumekuta mwingine mmoja mpaka sasa."

"Ni nani?"

"Sijui jina lake. Yuko mji mwingine. Leo naye anapigiwa simu."

Nikamwona yule mwanamke, simjui na nilimwona, kashika simu na kisu cha viazi au kiko cha mumewe au usukani, roho juu. Labda naye alishapiga kengele. Labda naye alishapigiwa makofi. Nilitaka kumwambia Daktari Vang ampe ujumbe, lakini ujumbe wenyewe sikuujua, na hata hivyo hairuhusiwi. Akanipa siku ya mpasuaji, wiki ijayo, nikasema ahsante daktari. Nikashangaa kwamba ilikuwa ahsante ya kweli.

Geri alikuwa ameweka kiazi chini. "Basi?"

"Imo."

"Nyingi?"

"Ndogo. Wananikata wiki ijayo. Wanatoa hiyo sehemu na tezi mbili tatu, waone." Machozi yakanishuka nikayaacha. Nilikuwa na hofu, tena hofu kubwa, lakini ile hali ya kutembea na kitu nisichokijua ilikuwa imeniondoka, na sikutegemea kwamba kuondokewa nayo kungekuwa raha kiasi kile. "Geri. Na kama ningekataa ile sindano?"

"Ningekupiga."

"Kwa mkono upi?"

Akautazama wa kulia, akautazama wa kushoto, akauinua wa kushoto na kitambaa chake. "Huu. Ndio mzito."

Tukacheka. Tulicheka mpaka Geri akakaa chini sakafuni kwenye maganda ya viazi, na mimi nikamfuata, nikakaa pale pale kando yake, na kelele zetu zikamleta Norb mbio na vijiti vya ngoma mikononi.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna," dada yangu akamwambia, akijifuta macho. "Tafuta mpigaji wa kodiani wa mwezi mmoja, kuanzia wiki ijayo."